Anasema Anatafuta Kazi

Mtaani kwetu anaitwa Mkalimani. Hata mke wake akimtuma mtoto husema, kamwambie Mkalimani chai iko tayari. Jina lake nalijua, nimelisoma kwenye vyeti vyake mara nyingi, lakini sijawahi kulitamka, na kuliandika itakuwa kama kumwita kwa sauti barabarani. Ni jirani yetu hapa Garissa, katikati yetu kuna ukuta mmoja wa mabati. Mimi namwita adeer, yaani ami, na yeye ananiita adeer vile vile, kwa sababu kwetu mkubwa humrudishia mdogo neno lile lile.

Kwa miaka tisa alifanya kazi Ifo, kambini. Mkimbizi akiongea na daktari au na karani wa mgao, yeye alikaa katikati yao kwenye kiti cha plastiki na maneno yote yakapitia kwake. Kisha ufadhili ukakatwa. Waliitwa mkutanoni asubuhi, na kabla ya swala ya alasiri alikuwa ameshuka hapa mtaani na begi moja na feni ya mezani. Siku hiyo mama alimpelekea anjera kwenye sahani iliyofunikwa, kama unavyopeleka kwenye nyumba iliyofiwa. Alipofika mlangoni akaona aibu, akasema ni zilizobaki.

Jambo ambalo mtaa mzima ulilijua ni hili. Kaka yake mkubwa anafuga ngamia upande wa Balambala, na alimpigia simu akampa muda wa mvua mbili, yaani gu, mvua ndefu, na deyr, mvua fupi. Deyr ikiisha kabla hajapata kazi, kaka atakuja na lori amchukue yeye, mke na watoto wanne, waende wakaishi na mifugo, kwa sababu mwanamume hawezi kukaa mjini akihesabu mabati ya jirani. Mkalimani alikubali. Nadhani wakati huo aliona mvua mbili ni muda mrefu. Binti yake mkubwa, Hodan, ambaye yuko gredi ya saba na ndiye wa kwanza darasani mwao, alikuja kwetu jioni moja akaniuliza kama watoto wanaoenda kwa ngamia huwa wanarudi shuleni. Nilimwambia sijui. Ni kweli sikujua, lakini angalau ningesema inshallah, na hata hilo sikulisema.

Alikuwa na mashati mawili ya kutafutia kazi. Jeupe lilikuwa la ofisi zenye geti, la samawati la ofisi zisizo na geti. Kila asubuhi saa moja alitoka na bahasha ya kaki mkononi, amechana ndevu, kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazimwa na soja wa getini ambaye hatairudisha. Alisema soja akikaa na kalamu yako anakukumbuka. Sijui kama ni kweli. Walimkumbuka, lakini hawakumfungulia.

Vijana wa mtaa husema wanatarmac, yaani wanatembea lami wakitafuta kazi. Yeye alisema lami ya Garissa ni fupi, ameshaimaliza, sasa yuko kwenye mchanga. Walipomuuliza kama ana mtu ofisini, maana hapa hilo ndilo swali la kwanza kabla ya vyeti, alijibu kwamba ana watu wengi sana, shida ni kwamba hao watu hawana ofisi.

Kuna wazee wanaokaa kwenye kivuli cha duka la kona wakitafuna miraa kuanzia adhuhuri. Akirudi na bahasha yake walikuwa na kazi ya kumpa.

"Waryaa, Mkalimani, huyu punda anasema nini?"

Punda wa mkokoteni wa maji alikuwa amesimama hapo, masikio chini. Mkalimani alimtazama kidogo, kwa makini, kama anavyowatazama watu.

"Anasema angekaa kivulini kama nyinyi, lakini ana kazi."

Wazee walicheka sana, na yule aliyeuliza alicheka kuliko wote. Siku iliyofuata walimuuliza ukuta unasema nini. Hakuwa mtu wa kununa. Alijibu kila swali, akaingia kwake, na tulimsikia kupitia mabati akivua viatu kimoja kimoja, na kati ya kimoja na kingine akikaa muda mrefu.

Katika kazi yake alikuwa na sheria moja, usiongeze, usipunguze. Aliniambia mkalimani anayeongeza ni mwongo, na anayepunguza ni mwongo mwenye adabu. Mimi niliona sheria hiyo kwa macho yangu zamani kidogo, siku aliyokuwa likizoni akatusaidia kumpeleka ayeeyo, bibi yangu, kwa daktari. Daktari alikuwa kijana wa kutoka bara, mpole, na alimuuliza ayeeyo anaumwa wapi. Ayeeyo akasema mengi. Mkalimani alisubiri amalize, akageuka.

"Anasema magoti yanamuuma tangu mfungo uliopita. Anasema usiku ni zaidi. Anasema pia wewe ni mdogo kuliko viatu vyake, na anauliza kama kuna mkubwa wako."

Mama alifunika uso kwa shungi. Daktari alivitazama viatu vya ayeeyo, ambavyo kweli vilikuwa vya miaka mingi, akasema mkubwa wake yuko safari. Mkalimani akalitafsiri hilo nalo. Ayeeyo aliridhika, akamnyooshea goti. Baadaye mama alimlaumu Mkalimani njia nzima, na yeye alisema tu kwamba mgonjwa akisemewa nusu hutibiwa nusu.

Lakini mtu huyo huyo, asiyeongeza wala kupunguza, aliwaambia watoto wake wadogo kwamba yuko likizo. Likizo hiyo ilimaliza gu yote na kiangazi chote. Mdogo kabisa alikuja kutuuliza likizo ya watu wazima ni ya siku ngapi, mbona yao ya shule inaisha haraka. Mama alimpa tende. Hodan, aliyeujua ukweli, alikuwa akimtazama baba yake wakati wa uongo huo kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba nyingine.

Na alikuwa na neno lake. Miaka tisa ya kuwasemea watu ilimwachia neno "anasema", na halikutoka tena. Akija kuomba chumvi alisema, Mama Hodan anasema kama mna chumvi. Hilo ni la kawaida. Lakini simu ikilia na akaulizwa yuko wapi, alijibu kwamba anasema yuko njiani. Mke wake alikuwa akimtania, kwani wewe ni mke wa mtu, mbona kila kitu unasemewa? Yeye mwenyewe hakujisikia. Ukimwambia alikataa, akasema, mimi? Basi tukaacha, kwa sababu neno lile halikumdhuru mtu.

Kazi zenyewe hazikuwa hazipo. Tangazo lilipotoka alilipata, kwa sababu alijua kila ubao wa matangazo mjini na kila mtu wa saiba anayechapisha barua. Shida ilikuwa kwenye fomu. Alinionyesha moja, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na alitaka nimjazie. Ilikuwa na mstari unaouliza mwajiri wako wa sasa ni nani. Chini yake, cheo chako cha sasa. Chini yake, tunaweza kumpigia simu nani hapo kazini.

Niliinua kalamu nikangoja.

"Acha wazi," alisema.

Tukaacha wazi mistari mitatu. Ukurasa ule ulionekana kama mdomo uliong'olewa meno ya mbele. Alisema mwezi wa kwanza baada ya Ifo alikuwa akiandika kwamba mradi umefungwa, na watu wa ofisini walimpa pole na kumwambia wenye uzoefu kama yeye hawakai bila kazi. Mwezi wa sita walianza kumuuliza, tangu hapo umekuwa wapi? Mwezi wa tisa hawakuuliza, walitazama tu tarehe. Alisema anayetoka kazi moja kwenda nyingine anapokewa mlangoni, na anayetoka nyumbani anaulizwa nyumbani kulikuwa na nini. Halafu kila muda anaokaa bila kazi unakuwa ndio sababu ya kukosa kazi, na sababu hiyo inakua yenyewe, hailishwi.

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini asiandike jina la duka la kona. Mwenye duka angekubali kusema ni mwajiriwa wake. Wengi hufanya hivyo. Alinitazama kama vile nimemwambia aongeze. Hata hati ya polisi, ile inayothibitisha kwamba huna kosa, aliifanya upya ilipoisha muda, akisema hakujua kwamba kutokuwa na kosa nako huisha muda. Aliikunja vizuri akaitia kwenye bahasha. Duka la kona hakuliandika.

Sasa naja kwenye jambo ambalo sipendi kuliandika.

Deyr ilikuwa imeanza alipoitwa kwenye intavyu, ya kwanza baada ya miezi mingi. Kazi ilikuwa ya kutafsiri, ile ile aliyoijua, na ofisi iko hapa hapa mjini. Mke wake alipiga pasi shati jeupe mara mbili. Mkalimani aliandika maswali kumi kwenye karatasi, akaja kwetu jioni kabla ya magharibi, akamwomba mama aniazime. Alitaka niwe mwenyekiti wa jopo. Mimi, ambaye nikiitwa darasani kusoma aya moja husimama hadi mwalimu akachoka. Mama alisema huyu hata salamu inamshinda. Yeye alisema ndiyo sababu, wengine wote watanipa ushauri, huyu atasikiliza.

Basi nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, yeye kwenye benchi, na nikasoma swali la kwanza kwa sauti ya mbu. Tueleze kukuhusu.

Akageuka kidogo upande wake wa kushoto, pale benchi lilipokuwa tupu, akangoja. Kisha akanigeukia.

"Anasema alifanya kazi Ifo kwa miaka tisa. Anasema anajua lugha tatu."

Nililisikia. Nililisikia la kwanza na la pili, na yote yaliyofuata. Yeye alikuwa akiongea vizuri, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, na kila sentensi ilikuwa ya mtu mwingine aliyekaa pembeni yake. Nilijua jopo haliwezi kuwa kama sisi majirani. Nilijua inatosha niseme, adeer, sema mimi. Ni maneno matatu. Niliyapanga kichwani, nikaona jinsi atakavyokataa na jinsi mama atakavyoacha kuchuja maziwa atutazame, na nikasoma swali la pili. Tulifanya hivyo jioni tatu. Ya tatu alinishukuru, akasema sasa yuko tayari.

Tulichosikia baadaye alitueleza mwenyewe, amesimama mlangoni na shati lile. Alingoja kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi saa nane. Ndani walikuwa watano. Wakamwambia ajieleze. Alisema aligeuka kushoto, kulikuwa na kiti kitupu, na kwa muda fulani alikuwa kweli anamngoja huyo mtu ajibu, maana swali lilikuwa zuri na alitaka kujua. Kisha akaanza, anasema, anasema. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka la tatu au la nne, akaweka kalamu chini.

"Nani anasema?"

Mkalimani alisema hilo ndilo swali pekee ambalo hatukulifanyia mazoezi. Walicheka kidogo, si kwa ubaya. Wakamuuliza tangu mradi ufungwe amekuwa akifanya nini. Akasema natafuta kazi. Wakauliza, wakati wote huo? Akasema ndiyo. Wakaandika kitu kifupi.

Kesho yake nilimsikia upande wa pili wa mabati akimwaga maji ya udhu. Mabati yana tundu la msumari, na kuongea na tundu ni rahisi kuliko kuongea na mtu. Nilimwambia kwamba nililisikia lile neno tangu jioni ya kwanza.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Kila mara."

Maji yaliacha kumwagika.

"Hapo, adeer," alisema, "ungeongeza."

Hakunikasirikia, au kama alikasirika hakunionyesha. Ilichukua muda kabla sijaweza kwenda kwao kuazima kitu.

Deyr ikaisha. Lori likaja siku ya Jumanne. Kaka yake alikuwa amepakia mafahali wanne, kwa sababu hakuona maana ya kuja mjini mikono mitupu, na alipanga awauze Jumatano, siku ya soko la mifugo, kisha lori likiwa tupu apakie familia. Alipokuwa akinywa chai walianza kuleta vitu uani. Godoro kubwa lilitangulia kupakiwa, likasimamishwa nyuma ya kichwa cha lori, mbali na mafahali. Hodan alifunga vitabu vyake kwa kamba, akavifungua, akavifunga tena. Mama alimwambia anaweza kulala kwetu hadi mitihani iishe.

Yaliyotokea sokoni nimeyasikia kwa watu wengi na wote wanakubaliana. Kiswahili cha kaka kilikuwa ni jambo na hapana. Mnunuzi alikuwa mtu wa Mwingi asiyejua Kisomali hata salamu. Katikati yao alisimama dilaal, dalali wa mifugo, akimwambia huyu hili na yule lile, na tofauti ikibaki kwake, kama ilivyo kawaida ya wengine hapo. Mkalimani alikuwa ameegemea lori na shati lake jeupe, akingoja yaishe aende Balambala. Lakini masikio yake yalikuwa yanasikia pande zote mbili. Alivumilia fahali wa kwanza. Kwa wa pili, kaka alimwambia dilaal kwa Kisomali habari ya mguu, dilaal akatafsiri kwamba fahali hana kasoro, na Mkalimani akashindwa, akasogea.

"Huyu hakusema hivyo," alimwambia mnunuzi. "Anasema fahali huyu ana jeraha la zamani mguuni."

Dilaal alipiga kelele, na kaka naye alipiga kelele, kwa sababu ndugu yake amemtangaza fahali wake. Mnunuzi aliinama, akauona mguu. Kisha akasema kuhusu mafahali waliobaki, na mbuzi anaotaka kununua baada ya hapo, ataongea kupitia mtu huyu wa shati jeupe, na si mwingine. Hadi saa sita Mkalimani alikuwa amewasemea watu saba. Wenzake wa Mwingi walimuuliza kama atakuwepo Jumatano ijayo. Kaka, ambaye mafahali wake wote waliuzwa, hata yule wa mguu, alikaa kwenye kivuli cha lori akimtazama ndugu yake kwa muda mrefu. Alhamisi aliondoka peke yake. Godoro alienda nalo, maana juu yake walikuwa wameshapakia magunia ya sukari na hakuna aliyetaka kuyashusha. Familia ililala kwenye mikeka hadi mwezi uliofuata, na Hodan alikuwa wa kwanza tena darasani.

Tangu hapo Mkalimani anaenda sokoni. Anavaa macawiis, kikoi cha Kisomali, na ndala, anabeba fimbo, na mashati yamekunjwa ndani ya sanduku. Ukimuuliza kazi ikoje alikuwa akisema, hiyo si kazi, nawasaidia tu wakati natafuta. Kwake kazi ilikuwa na meza na kadi ya shingoni. Lakini bahasha ya kaki sikuiona tena mkononi mwake, kwa sababu hakuwa na siku ya kuibeba.

Mara ya mwisho nilipomuona akifanya shughuli zake ni likizo hii ya juzi, Jumatano. Mama alikuwa anauza mbuzi mmoja, mimi nimeshika kamba. Akaja afisa mmoja wa mradi fulani, mgeni kwetu sote, viatu vimepigwa rangi vikiwa sasa na vumbi. Alitaka mbuzi wa kumuaga mwenzao ofisini. Alimshika mbuzi wetu mbavu kwa ncha za vidole. Mama akasema kitu, na Mkalimani akakipitisha kama kilivyo.

"Anasema unamshika mbuzi kama paka."

Afisa alicheka, akamshika vizuri. Mama akaongeza kwa Kiswahili chake mwenyewe, mbuzi fizuri hii, hakuna gonjwa. Wakaendelea, wakapatana, na afisa akabaki akimtazama Mkalimani badala ya mbuzi.

"Wewe jamaa, hii kutafsiri ulijifunza wapi?"

"Ifo. Miaka tisa."

"Miaka tisa? Huyu tunayemchinjia ndiye aliyekuwa anatutafsiria, amehamia Mandera. Tumetafuta mtu hadi tumechoka. Watu kama nyinyi mbona hamuombi kazi?"

"Niliomba."

"Lini?"

"Wakati sina kazi."

Afisa alicheka tena na kumpiga bega, kama mtu aliyetaniwa vizuri. Akamwambia basi aje ofisini Jumatatu saa mbili, waongee. Nilimtazama Mkalimani. Namjua. Mwaka uliopita angekuwa kwenye lile geti saa kumi na mbili asubuhi, kalamu mbili mfukoni.

"Jumatatu niko kazini," alisema. "Kuna lori la ng'ombe linatoka Kutulo."

Nilidhani afisa atakasirika. Alitoa simu yake badala yake, akafungua mahali pa kuandika, akasogea kivulini ili aone vizuri.

"Sawa. Basi niambie wewe. Siku gani, saa ngapi itakufaa?"

Mkalimani aliegemea fimbo. Aliitazama barabara, kisha zizi, kisha barabara tena. Mama alinivuta mkono, akaniuliza kwa Kisomali mbona wamesimama, kuna ubishi? Hakuwa na mtu wa kumtafsiria. Nikamwambia hakuna ubishi, mtu wa ofisi anamuuliza saa inayomfaa.

Mama akamtazama afisa na simu yake, akamtazama jirani yetu na macawiis yake, akaniambia nilegeze kamba, mbuzi anakabwa. Nikailegeza. Mkalimani alikuwa bado anafikiria.